SIGARA RAHISI NI MZIGO WA KABWELA

Kila ufikapo mwezi wa Juni Mawaziri wa Fedha wa nchi zetu za Afrika ya Mashariki husimama Bungeni wakasoma makadirio ya mapato na matumizi. Wananchi hutega masikio kusikia sukari itakuwaje, mafuta ya taa yatakuwaje, nauli itakuwaje. Lakini wako mabwana wasiongoja siku hiyo. Miezi kadhaa kabla ya hotuba wao huwa wamekwisha pita maofisini na makaratasi yao, wakieleza kwa upole mkubwa kwamba ushuru wa sigara usiguswe. Husema ya kuwa ushuru ukipanda maskini wataumia, mkulima wa tumbaku atakufa njaa, magendo yatajaa mipakani, na Serikali yenyewe itakosa fedha.

Sisi twasema kwamba maneno hayo manne yamekwisha pimwa katika nchi za watu, nchi tajiri na nchi maskini, na mizani imeonyesha kuwa ni mepesi. Leo tunataka kuyapima hapa mbele ya wasomaji wetu, kwa sababu fedha inayozungumzwa ni ya wananchi, na mapafu yanayozungumzwa ni ya wananchi.

Kwanza tuseme jambo moja waziwazi. Gazeti hili si adui wa mvutaji. Wanachama wetu wengi huvuta, na wengine wameanza tangu ujana wao, kabla hawajaambiwa hatari yake. Wako waliojaribu kuacha mara tatu na mara nne wasiweze, maana tumbaku ina nguvu ya kumshika mtu. Hatuandiki ili kuwatukana ndugu hao. Neno letu ni kwa yule anayeuza, na kwa yule anayepanga kodi.

DUNIA ILIPOGAWANYWA

Mwaka 1902 makampuni makubwa ya tumbaku ya Uingereza na Marekani yalikuwa yamechoka kupigana vita vya bei. Yakakaa mezani yakapatana. Imperial Tobacco ikachukua Uingereza, American Tobacco ikachukua Marekani, na kampuni ya tatu, British American Tobacco, ikaundwa ili ichukue dunia iliyobaki. Sisi tulikuwa katika hiyo dunia iliyobaki. Hakuna aliyetuuliza. Miaka 17 tu ilikuwa imepita tangu wakubwa wa Ulaya wamalize mkutano wao wa Berlin.

Bendera zimebadilika, lakini kivuli cha mapatano yale bado kipo. Katika nchi tajiri wavutaji wamekuwa wakipungua miaka mingi. Leo hii, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya milioni 1,000 hutumia tumbaku, na karibu 80 kwa mia kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Kampuni inayopoteza wateja wake Ulaya haina budi kutafuta wengine, na hapana shaka inawatafuta mahali penye vijana wengi na kodi ndogo. Mahali hapo ni kwetu.

KIPIMO CHA BEI NI JASHO

Watu wengi wakilinganisha bei za sigara duniani hutazama dola tu. Huona kwamba katika mji wa London pakiti moja huuzwa zaidi ya pauni 15, na kwamba kwetu huuzwa kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo, wakasema kwetu sigara ni rahisi. Mabwana wa makampuni nao huugeuza mfano huo upande wa pili. Husema tusitazame dola, tutazame mfuko wa kabwela, kwa kuwa fedha anayopata kwa siku ni kidogo na kwake sigara tayari ni ghali.

Sisi twasema kipimo cha haki ni jasho. Tuulize mtu afanye kazi kwa muda gani ndipo apate pakiti moja. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara katika Uingereza kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa hiyo kibarua wa London hufanya kazi zaidi ya saa moja ili anunue pakiti. Kwa kipimo hicho ni kweli kwamba kibarua katika nchi nyingi maskini hutoa jasho jingi kuliko huyo wa London, ijapokuwa kodi ya kwao ni ndogo.

Lakini swali halimalizikii hapo. Inatupasa kuuliza bei inaelekea wapi. Wataalamu wawili wa Afrika Kusini, Evan Blecher na Corné van Walbeek, walizipima nchi 70 kwa kipimo hiki cha kipato, na wakatoa matokeo yao mwaka 2004. Waliona kwamba kati ya mwaka 1990 na 2001 sigara zilizidi kuwa ghali kwa mfanyakazi wa nchi tajiri, na zilizidi kuwa rahisi kwa mfanyakazi wa nchi zinazoendelea. Mmoja aliongezewa ukuta kila mwaka, na mwenzake alibomolewa ukuta kila mwaka.

Hapo ndipo palipo na siri ya mambo haya yote. Nchi inapoanza kuendelea, kipato cha watu hupanda kidogo kidogo. Hilo ndilo tunalolipigania. Lakini kama ushuru wa sigara umelala palepale, kila shilingi mpya anayopata kijana humsogeza karibu na pakiti. Maendeleo yenyewe hugeuka kuwa soko la moshi.

USHURU UKILALA HUPUNGUA

Tutoe hesabu ndogo ambayo kila mwanachama anaweza kuieleza katika mkutano wa tawi lake. Tuseme Serikali imeweka ushuru wa shilingi 100 juu ya pakiti, kisha ikausahau. Tuseme bei za vitu vyote zinapanda 6 kwa mia kila mwaka. Baada ya miaka 10 ile shilingi 100 itakuwa na nguvu ya shilingi 56 tu. Hakuna Bunge lililopiga kura kupunguza ushuru. Hakuna mbunge aliyesimama kuutetea au kuupinga. Ushuru umepungua karibu nusu huku watu wamelala, na ukiwauliza wakubwa watasema hatukuugusa.

Kodi hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoza sehemu ya bei, sema 30 au 50 kwa mia. Ubaya wake ni kwamba kampuni ikishusha bei ya kiwandani, kodi nayo hushuka. Ya pili ni kutoza kiasi maalumu cha fedha kwa kila sigara, iwe ya tajiri au ya maskini. Njia hii huinua bei ya ile sigara iliyo rahisi kuliko zote, ambayo ndiyo kijana huanza nayo. Lakini kama tulivyoonyesha, ni lazima kiasi hicho kipandishwe kila mwaka.

Iko na hila ya tatu, nayo ni madaraja. Kwa miaka mingi sheria ya Tanzania imezigawa sigara kwa kutazama kama zina kichungi au hazina, na kama robo tatu au zaidi ya tumbaku yake imelimwa nchini. Ile isiyo na kichungi, ya tumbaku ya nchini, ndiyo iliyotozwa ushuru mdogo kuliko zote. Kenya iliweka kiwango kimoja mwaka 2015, ikarudia madaraja mwaka 2017, kisha kwa sheria ya Desemba 2024 ikaweka tena kiwango kimoja cha shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, zenye kichungi na zisizo nacho. Hiyo ni shilingi 4 na senti 10 kwa sigara moja. Kwa hilo Kenya imefanya vyema. Tumbaku ya nchini haichomi mapafu kwa upole zaidi kuliko tumbaku ya kigeni, na madaraja ni mlango ulioachwa wazi ili mvutaji anayeshindwa bei ya juu ashuke ngazi badala ya kuacha.

WALIOTANGULIA

Wako wanaosema mambo haya ni ya Wazungu, nchi changa haziyawezi. Twawajibu kwa mifano miwili, na wala hatuendi Ulaya kuitafuta.

Mwaka 1994 Serikali mpya ya Afrika Kusini, katika makadirio yake ya kwanza, ilitangaza kwamba ushuru wa sigara utapandishwa hatua kwa hatua mpaka kodi ifike nusu ya bei ya dukani. Makampuni yalipiga kelele. Serikali haikurudi nyuma. Katika muda wa miaka kumi hivi, sigara zilizouzwa zilipungua karibu theluthi moja. Na fedha za Serikali je? Ziliongezeka zaidi ya maradufu, hata ukiondoa kupanda kwa bei za vitu. Sababu yake si miujiza. Bei ikipanda 10 kwa mia katika nchi kama zetu, matumizi hupungua kama 5 kwa mia. Wanaobaki kuvuta hulipa zaidi kuliko fedha inayopotea kwa wale walioacha. Nchi hupata afya na fedha kwa wakati mmoja.

Wa pili ni Ufilipino. Nchi ile ilikuwa na madaraja ya ushuru kama yetu, na sigara zake zilikuwa miongoni mwa zile rahisi sana. Desemba 2012 Rais Benigno Aquino alitia sahihi sheria ambayo wenyewe waliiita kodi ya madhambi. Sigara ya daraja la chini, iliyokuwa ikitozwa peso 2.72 kwa pakiti, mwaka 2013 ikatozwa peso 12. Madaraja yakafutwa kwa hatua, na mwaka 2017 pakiti zote zikalipa peso 30. Sheria nyingine iliyofuata ikafikisha ushuru peso 60 mwaka 2023, na baada ya hapo unapanda 5 kwa mia kila mwaka bila kungoja Bunge likumbushwe.

Matokeo yalikuwaje? Mwaka 2009 karibu watu wazima 30 katika kila 100 walikuwa wakitumia tumbaku. Mwaka 2015 walikuwa karibu 24. Mwaka 2021 walikuwa chini ya 20. Na sehemu kubwa ya fedha iliyoongezeka ilipelekwa katika bima ya afya, ili familia maskini zitibiwe bila kulipa mchango. Hapo mwananchi aliweza kuona kwa macho yake kodi ilikokwenda.

MANENO MANNE NA MAJIBU YAKE

Sasa turudi kwa mabwana wetu na maneno yao manne.

Neno la kwanza ni kwamba maskini wataumia. Twauliza, ni lini makampuni hayo yalianza kumhurumia maskini? Mtu mwenye kipato kidogo ndiye anayehisi bei upesi, na kwa hiyo ndiye wa kwanza kupunguza au kuacha. Fedha aliyokuwa akiichoma hurudi nyumbani ikawa unga, ikawa madaftari ya watoto. Tena ndiye anayeumia zaidi na ugonjwa, kwa sababu tajiri ana daktari wake na kabwela ana foleni. Hata hivyo hatufichi kwamba wako watakaoshindwa kuacha, na hao watalipa zaidi. Kwa ajili yao twasema fedha hiyo isipotelee katika mfuko mkuu. Irudi kwao kwa dawa, kwa vitanda vya hospitali, na kwa msaada wa kuacha tumbaku. Kodi isiyorudi kwa mlipaji ni dhuluma, iwe ya sigara au ya kichwa.

Neno la pili ni mkulima. Hapa tunaomba wasomaji wetu wa Tabora, Urambo, Chunya na Songea watusikilize vizuri. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya sigara inayovutwa hapa nchini. Tumbaku ya Tanzania kwa sehemu kubwa husafirishwa nje, na ushuru huu hauligusi jani linalopanda meli. Mtu anayekwambia kwamba bei ya mitumba yako imeshuka kwa sababu ya ushuru wa sigara za dukani, anakuonyesha mwezi huku mkono wake umo mfukoni mwako.

Bei ya mkulima huwekwa na wanunuzi wachache na madaraja yao. Mkulima huchukua mbolea na dawa kwa mkopo, hukata miti ya kuni kwa bani lake, hukesha akitazama moto usizidi wala usipungue, huingiza mke na watoto katika kazi ya kuchuma na kufunga majani. Siku ya mauzo deni hukatwa kwanza, na yeye hupewa kinachobaki. Misitu ya miombo inaondoka na deni linabaki. Urambo yaweza kutufundisha jambo hapa. Baada ya vita kuu ya pili mkoloni alitumia fedha nyingi kutaka kulima karanga huko, akashindwa mwaka 1951, kisha tumbaku ikaingia. Hakuna zao lililoandikwa na Mungu juu ya ardhi ya mtu. Zao huwekwa na siasa, na siasa yaweza kulibadilisha.

Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Serikali ya Kenya yalianza mpango wa kuwasaidia wakulima wa Migori waache tumbaku na walime maharage, na mwaka uliofuata mpango huo ukafika Zambia. Ni mwanzo mdogo, lakini unaonyesha njia. Mkulima apewe mbegu, mkopo na soko la uhakika la zao jingine, naye atahama kwa miguu yake mwenyewe. Hata Ufilipino walipopandisha ushuru walitenga fungu la fedha hiyo kwa ajili ya majimbo yanayolima tumbaku. Huko ndiko kumlinda mkulima. Kumtanguliza mbele kama ngao ya kampuni si kumlinda.

MAGENDO NI YA NANI?

Neno la tatu ni magendo. Hili si la kulidharau, maana magendo yapo. Lakini sikilizeni habari ya Kanada.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kanada ilipandisha kodi ya sigara, na mara magendo yakajaa. Sigara za viwanda vya Kanada zilisafirishwa kwenda Marekani, kisha zikarudishwa usiku bila kulipiwa kodi. Mwaka 1994 Serikali ikaogopa, ikashusha kodi. Miaka ikapita na uchunguzi ukaendelea. Mwaka 2008 kampuni mbili kubwa, Imperial Tobacco Canada na Rothmans, Benson & Hedges, zilikiri makosa yao mahakamani na kukubali kulipa jumla ya dola za Kanada milioni 1,150. Waliokuwa wakipiga kelele za mwizi walikuwa wameshika ngazi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dawa ya magendo ni ulinzi, siyo kushusha kodi. Kenya ilianza mwaka 2013 kutumia stempu za ushuru zinazofuatiliwa kutoka kiwandani mpaka dukani, na Benki ya Dunia mwaka 2019 ilieleza kwamba mpango huo umesaidia kupunguza magendo. Tanzania na Uganda nazo zilianza stempu za namna hiyo mwaka 2019. Chombo tunacho tayari. Kinachotakiwa ni afisa mwaminifu wa kukitumia.

Tena tuseme na upande wa pili, ili asije mtu akatuambia tumeuficha. Afrika Kusini yenyewe baadaye iliteleza. Idara yake ya mapato ilidhoofishwa na uongozi mbovu, kama Tume ya Jaji Nugent ilivyoeleza mwaka 2018, na magendo yakapata nafasi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Serikali ilipiga marufuku kabisa uuzaji wa sigara kuanzia 27 Machi hadi 17 Agosti, na wafanyabiashara wa gizani wakavuna. Australia nayo ilipandisha ushuru 12.5 kwa mia kila mwaka tangu 2013 hadi 2020, na leo pakiti huuzwa zaidi ya dola 40 za huko, na magendo yamekuwa makubwa hata mapato yameshuka. Haya ni mafunzo ya kweli. Yanatufundisha kwamba kodi bila ulinzi ni ukuta usio na mlango wala bawabu. Lakini mtu anayetaja Australia ili kuzuia ushuru wa Dodoma au Kampala anamwonya mtu aliyesimama ngazi ya pili kwamba asije akaanguka kutoka ghorofani.

Neno la nne, kwamba Serikali itakosa fedha, limekwisha jibiwa na Afrika Kusini ya miaka ile kumi na Ufilipino. Hatuna haja ya kulirudia.

UMOJA NI NGUVU, HATA KATIKA USHURU

Liko jambo moja zaidi, nalo ni kubwa kwetu. Ikiwa Kenya inatoza hivi, Uganda inatoza vile, na Tanzania inatoza kwa namna yake, sigara za magendo zitakuwa kama maji, zitatafuta bonde. Na kampuni itamwambia kila Waziri kwamba jirani yako ni mpole kuliko wewe. Hivyo ndivyo ndugu wanavyogombanishwa.

Wenzetu wameliona hilo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2011, umeweka kima cha chini: ushuru usipungue 60 kwa mia ya bei ya wastani, wala usipungue yuro 90 kwa kila sigara 1,000. Lakini tusiseme hayo ni ya matajiri. Nchi za Afrika ya Magharibi, ambazo si tajiri kuliko sisi, zilikubaliana katika jumuiya yao ya ECOWAS mwezi wa Desemba 2017 kwamba kila nchi itoze si chini ya 50 kwa mia, na juu yake senti 2 za Kimarekani kwa kila sigara. Yuro 90 za Ulaya na dola 20 za Afrika ya Magharibi kwa sigara 1,000 si kitu kimoja, na hazipaswi kuwa kitu kimoja, kwa sababu jasho la huko na la huku halilipwi sawa. Kila jumuiya imeweka kima chake kwa kadiri ya hali yake. Sisi wa Afrika ya Mashariki, tulio na forodha ya pamoja tangu mwaka 2005, ushuru wa bidhaa za ndani bado kila nchi hupanga peke yake.

Shirika la Afya Duniani lasema kodi zote kwa jumla zifike angalau 75 kwa mia ya bei ya dukani. Ni nchi kama 40 tu duniani zilizofika hapo. Nchi zetu hazijafika. Wala hatusemi zifike kwa usiku mmoja. Twasema zianze kwenda, na zisisimame.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo gazeti hili linatoa rai yake kwa Serikali zetu, kwa wabunge, na kwa wanachama wote:

1. Pawepo ushuru mmoja wa kiasi maalumu kwa kila sigara, bila madaraja ya kichungi wala ya asili ya tumbaku. Na vitu vipya, yaani sigara za umeme na vifuko vya nikotini ambavyo vijana wa mijini wanaanza kuvizoea, visiachwe nje ya kodi.

2. Sheria yenyewe iseme kwamba ushuru huo utapanda kila mwaka, kwa kadiri inayozidi kupanda kwa bei za vitu na kupanda kwa vipato. Usingoje huruma ya Waziri.

3. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki iweke kima cha chini cha pamoja, na stempu za nchi zote ziweze kusomwa na maofisa wa kila mpaka.

4. Fungu la fedha hiyo litajwe wazi katika makadirio: hili kwa hospitali, hili kwa mkulima anayetaka kuacha tumbaku. Mwananchi aweze kuliuliza na kujibiwa.

5. Uuzaji wa sigara moja moja, ambao sheria za Kenya na Uganda zimekwisha ukataza, ukomeshwe kweli. Senti chache mkononi mwa mtoto wa shule ndizo zinazomfungulia mlango wa kwanza.

6. Kila mkutano baina ya makampuni ya tumbaku na maofisa wa Serikali uandikwe na utangazwe. Nchi zetu zilitia sahihi Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika tarehe 27 Februari 2005, na Mkataba huo unataka siasa ya afya ilindwe na maslahi ya wenye viwanda. Wanaotaka kuzungumza juu ya mapafu ya watu na wazungumze mchana.

Ndugu wanachama, haya hayatafanyika kwa kuandikwa gazetini tu. Makampuni yana mawakili na wasemaji wanaolipwa mishahara. Kabwela ana tawi lake na mbunge wake. Basi kabla ya Juni kufika, kila tawi limwite mbunge wake na limwulize swali moja lililo wazi: katika miaka mitano iliyopita bei ya unga imepanda kwa kadiri gani, na ushuru wa sigara umepanda kwa kadiri gani? Akishindwa kujibu, mpeni wiki mbili akaulize Hazina. Akirudi na jibu kwamba unga umepanda kuliko ushuru, mwambieni kazi anayo Bungeni, na kwamba mtamsikiliza katika redio.